Nyumba imeuzwa mnadani, vitu vilivyobaki ndani ni vya nani? Kisa cha mama fundi wa Mtwapa

Mimi ni karani kwa wakili, na hiki kisa kimepita mikononi mwangu tangu siku ya kwanza. Mwenyewe ameniruhusu nikieleze bila jina lake wala namba ya ploti, na benki, dalali na mnunuzi nao siwataji. Nakiandika kirefu manake watu wanakuja pale ofisini wakilia kilio kilekile: nyumba imepigwa mnada, kufuli limebadilishwa, ndani kuna kila kitu alichochuma mtu maishani, halafu anaambiwa eti vyote vimeenda na nyumba. Havijaenda jamani. Nyumba imeenda, hilo kweli, lakini kitanda, sufuria na vyeti vya watoto ni vyako mpaka leo, na kinachowapoteza wengi ni kwamba wananyamaza mpaka vitu vinauzwa au vinaibwa na hakuna tena cha kudai.

Mama huyu ni fundi cherehani, anashona sare za shule. Alikuwa na nyumba yake ya vyumba vitatu Mtwapa, kaunti ya Kilifi hapa Kenya, hati kwa jina lake, akaiweka rehani achukue mkopo wa kuongeza mashine na vitambaa. Biashara ilikuwa inaenda vizuri mpaka Machi 2020, shule zikafungwa nchi nzima kwa sababu ya korona, na wanafunzi wote walirudi darasani Januari 2021, sasa fundi wa sare miezi yote hiyo atamshonea nani? Deni likalala, riba ikapanda, benki ikampangia upya malipo, akajikaza akalipa kidogo kisha akateleza tena.

Kuhusu mnada wenyewe hatukubishana, na niseme wazi kwa nini. Sheria ya Ardhi ya 2012 kifungu cha 90 inataka benki impe mdaiwa notisi ya miezi mitatu arekebishe, halafu kifungu cha 96 notisi nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza, halafu dalali naye kwa kanuni zake za 1997 anatoa siku 45 za kukomboa. Zote alizipata. Alizisoma akaziweka kwenye droo akiomba Mungu wateja warudi. Nyumba ilitangazwa, ikauzwa, bei haikuwa ya kutupa, na nyundo ikishagonga haki ya kukomboa imekwisha, ukija kesho yake na gunia la pesa hupati nyumba tena. Hivyo wakili akamwambia mapema, mama, hiyo nyumba tuiache, tupigane na kilichobaki.

Kilichobaki ndio kisa chenyewe. Wakati wa mnada alikuwa Malindi anamuuguza mamake, akijua fika kwamba nyumba inauzwa lakini akidhani atapewa muda wa kuhama. Asubuhi moja jirani akampigia simu: kuna watu wamekuja na fundi wa kufuli, wamekata la zamani, wameweka jipya na mlinzi kakaa getini. Alipofika yeye na wanawe wakazuiwa mlangoni. Mnunuzi alikuwa kijana tu, mwenye adabu, hakumtukana wala nini, akamwambia, "Mama pole sana, lakini mimi nimenunua nyumba na vyote vilivyomo." Na yule mama akamjibu kitu ambacho wakili mwenyewe asingekisema vizuri zaidi: "Mwanangu, karatasi yako imeandika ploti. Haikuandika kitanda changu."

Hiyo karatasi tuliiona baadaye. Inaitaja ploti kwa namba, na majengo na maboresho yaliyo juu yake, basi. Na ndivyo inavyotakiwa iwe, kwa sababu dalali hawezi kuuza kitu ambacho benki haikuwekewa dhamana. Kwa sheria yetu kuweka ardhi rehani ni kuipa benki dhamana tu, hata ardhi yenyewe haihami mpaka iuzwe, sembuse friji ambayo haikutajwa popote. Kama benki inataka friji au cherehani viwe dhamana pia, kuna sheria yake kabisa, ile ya 2017 ya dhamana juu ya mali inayohamishika, na benki inayotaka kujikinga dhidi ya watu wengine inaandikisha haki yake kwenye rejista ya serikali ambayo mtu anaweza kuipekua kupitia eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali. Tulipekua. Hakukuwa na kitu kwa jina la mama. Hili pekee lilifuta nusu ya ubishi, na nashauri mtu yeyote aliye kwenye hali hii alifanye mapema kabla hajaandika barua yoyote, kwa sababu wengine walisaini fomu nyingi siku ya mkopo bila kusoma, na unaweza kukuta mashine zako nazo zilitiwa humo.

Haya sasa, ndani kulikuwa na nini. Tulikaa na mama na wanawe tukaandika chumba kwa chumba: kochi, vitanda, kabati la nguo la kusimama, friji, friza ya dada yake aliyokuwa anaihifadhi tu, jiko la gesi na mtungi, mapazia, mazulia, vyombo vyote vya jikoni, vyerehani vya kawaida, ovaloki moja kubwa (mashine ya kushona kingo za nguo zisifumuke) iliyofungwa kwa bolti kwenye sakafu, meza ya kukatia, marobota ya kitambaa cha sare ambacho shule mbili zilikuwa zimemletea ashone, faili la vyeti vya watoto pamoja na kitambulisho cha marehemu mumewe. Nje kulikuwa na tangi la maji juu ya msingi wa zege, paneli za sola kwenye mabati, betri na inveta chini ya ngazi, kuku, na shamba dogo la mihogo nyuma.

Vingi hapo havina mjadala. Kitu kinachoweza kubebwa mlangoni bila kung'oa chochote ni cha mwenye kukinunua, iwe kilikaa hapo mwezi au miaka. Ugomvi upo kwenye vile vilivyoshikamana na nyumba, na kanuni ni ya zamani sana, kwamba kilichopachikwa kwenye ardhi kinafuata ardhi. Korti zetu zinaichukua hiyo kutoka sheria ya Uingereza kwa sababu Sheria ya Mahakama ya Kenya inasema tunafuata ile common law ya Waingereza, yaani sheria iliyojengwa na maamuzi ya majaji wao, kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, pale inapofaa hali zetu. Na kesi kubwa ya jambo hili ni ya 1872, Holland dhidi ya Hodgson, ambayo ajabu ni kwamba nayo ilikuwa ya kiwanda cha nguo kilichowekwa rehani. Mitambo ya kufumia ilikuwa imepigiliwa misumari sakafuni, mtu angeweza kuing'oa bila kuharibu sana, lakini majaji wakasema imekuwa sehemu ya kiwanda, imeenda na rehani. Unaangalia mambo mawili: kitu kimeshikamana kiasi gani, na kilifungwa kwa ajili gani. Jaji Blackburn akatoa mfano ambao naupenda mpaka leo: mawe yaliyopangwa bila simiti kuwa ukuta wa shamba ni sehemu ya shamba, lakini mawe hayohayo yakipangwa vilevile kwenye yadi ya muuza mawe ili yasichukue nafasi, yanabaki bidhaa.

Wakili wa mnunuzi akaing'ang'ania hiyo kesi kwa sababu ya ovaloki. Akasema mitambo ya 1872 ilikuwa ya nguo, hii ni ya nguo, ile ilipigiliwa, hii ina bolti nne, kuna tofauti gani? Tofauti ipo. Kule jengo lilikuwa kiwanda, mitambo iliwekwa ili jengo liwe kiwanda kamili. Hapa jengo ni nyumba ya kukaa watu, na bolti ziliwekwa kwa sababu ovaloki ile ikishika kasi inatembea sakafuni kama mbuzi aliyekata kamba, yaani ilifungwa ili mashine ifanye kazi yake ya mashine, si ili sebule iwe bora. Kuna uamuzi wa House of Lords, iliyokuwa korti ya juu kabisa ya Uingereza, wa 1902 kuhusu vitambaa vya thamani vya kutundika vilivyopigiliwa ukutani kwenye jumba la kifahari, wakasema vilifungwa ili vionekane na kufurahiwa vyenyewe, havikuwa sehemu ya jumba. Tukaegemea hapo.

Na ipo nyingine ya karibu zaidi na maisha ya kawaida, ya Mahakama ya Rufaa ya Uingereza 1996, benki ilichukua flati ya mdaiwa huko Chelsea, London, halafu wakaanza kubishana kitu kimoja kimoja kilichokuwa ndani, zaidi ya vitu 100! Mahakama ikasema kabati za jikoni zilizojengewa na sinki lake ni za nyumba, bomba na vifaa vya bafuni vilivyofungwa ni vya nyumba, lakini mazulia, mapazia, na vyombo kama friji, oveni na mashine ya kufulia vinabaki vya mdaiwa hata kama vimetoshelezwa vizuri katikati ya kabati. Kesi hiyo ni ya baada ya 1897 kwa hivyo haiwafungi majaji wa hapa, ila wakili akiiweka mezani husikilizwa, na kwa kweli ukiisoma unaona ni akili ya kawaida tu.

Kwa hivyo maoni yangu kwa vitu vya mama yalikuwa haya. Ovaloki, yake. Jiko la gesi, mapazia, mazulia, yake bila kigugumizi. Betri na inveta zimekaa chini zimechomekwa waya, zake. Paneli za sola zimefungwa kwenye mabati kwa fremu na zinalisha stima nyumba nzima, hapo nilimwambia mama ukweli kwamba nafasi yake ni ndogo. Tangi lilinisumbua, halijafungwa popote, limekaa kwa uzito wake, lakini mabomba yote ya nyumba yanatoka hapo na msingi wa zege ulijengwa kwa ajili yake. Wakili alitaka tulidai, mimi niliona ni la nyumba, na mama akakata shauri mwenyewe, akasema nyumba bila maji si nyumba, mwacheni kijana na tangi lake. Mihogo ilikuwa bado michanga, tukaiacha.

Sasa tuje kwenye ile siku ya kufuli, kwa sababu hapo ndipo mnunuzi aliteleza vibaya. Watu wanadhani ukishapata hati mkononi unaingia tu. Tangu marekebisho ya 2016, Sheria ya Ardhi kifungu cha 152E inasema mwenye ardhi ya kibinafsi akiona kuna mtu anaikalia bila idhini yake anampa notisi ya maandishi isiyopungua miezi mitatu kabla ya kumfurusha, notisi iseme masharti ya kuondoa majengo na kuvuna mazao, na kopi iende kwa naibu kamishna wa kaunti na kwa mkuu wa polisi wa eneo. Wakili wa mnunuzi akasema hiyo ni ya wavamizi wa mashamba, haimhusu mdaiwa wa benki. Mimi nasoma hivi: mara tu nyumba ilipokuwa ya kijana, mama akawa mtu aliye ndani bila idhini ya mwenyewe mpya, na kifungu hakikuchagua ameingiaje. Hakupewa notisi hata ya siku moja.

Kifungu cha 152G kinaendelea kusema kufurusha kufanyike kwa kuheshimu utu, kuwe na utaratibu wa kuzuia mtu asinyang'anywe mali yake kiholela, na vitu vilivyoachwa bila hiari vilindwe visiharibiwe. Na 152H inataja vitu vilivyobaki bila mwenyewe kujitokeza: mwenye ardhi anasubiri siku saba angalau tangu siku ya kufurusha, halafu anaviondoa au anaviuza kwa mnada wa hadhara. Kwa mnada wa hadhara, sikilizeni vizuri, si kwa kumuuzia jirani wala kugawana na mlinzi. Hizo siku saba ndizo zinazonifanya niwaambie watu wasingoje hata wikendi, ukinyamaza unampa mwenzako hoja kwamba vitu havina mwenyewe.

Barua yetu iliondoka keshoye. Haikuwa ndefu. Ilisema vitu ni vya nani, orodha imeambatishwa, mama hajaviacha wala hana nia ya kuviacha, anaomba siku na saa ya kuvichukua, na kitu chochote kikiuzwa, kikitumika au kikiharibika kuanzia leo atadai thamani yake. Kopi kwa benki, kwa dalali, kwa OCS, mkuu wa kituo cha polisi. Tukaambatisha ushahidi, na hapa nawasifu wanawe, walichimba simu zao wakatoa picha za siku ya kuzaliwa ambapo kochi na friji vinaonekana nyuma ya keki, ujumbe wa M-Pesa wa malipo ya ovaloki, risiti ya duka yenye namba ya mashine, na barua za shule zote mbili kuthibitisha kitambaa ni chao. Dada mtu naye akaandika yake kuhusu friza. Mali ya mtu wa tatu ni nguvu kubwa sana kwenye mambo haya, manake hata mtu akitaka kumchukia mdaiwa, shule imekosea nini?

Polisi walitujibu wanavyojibu siku zote, kwamba hayo ni mambo ya civil, yaani madai ya mtu na mtu, nendeni kortini. Lakini waliandika kwenye OB, kile kitabu cha matukio cha kituo, na tulitaka hilo tu. Wanawe walitaka kwenda usiku wakate kufuli. Wakili aliwakalisha chini akawaonya kwamba Kanuni ya Adhabu kifungu cha 90 inafanya kuingia kwa nguvu kwenye ardhi kuwa kosa hata kama unadai haki yako, na mtu ambaye jana alikuwa mlalamikaji kesho anaamka mshtakiwa. Vilevile kwa wale ambao bado wamo ndani wanasubiri mnada, msije mkang'oa mabati, vigae na nyaya kwa hasira, kutunza majengo ni sharti la rehani na benki inaweza kukudai uharibifu juu ya deni ulilonalo.

Kijana naye tumuonee huruma kidogo, amelipa pesa zake zote na amekuta nyumba imejaa. Hakuomba kuwa mtunzaji wa vitu vya mtu. Sheria haimtaki avitunze milele, anaweza kuvikusanya chumba kimoja, anaweza kutoa muda wa kuvichukua. Asichoweza ni kuvitumia, kuviuza kimyakimya, au kusema lipa kwanza hela ya ulinzi ndio nikufungulie. Hakuna makubaliano wala kifungu kilichompa hiyo haki, na akishikilia hapo anakuwa anazuilia mali ya mtu na anaweza kushtakiwa kwa hilo. Alijaribu, kwa kweli. Alitaja hela ya mlinzi, wakili akamuuliza kwa simu ni sheria gani, akanyamaza, na wiki hiyohiyo akatupa siku.

Siku ya kuchukua tulienda na lori, mzee wa mtaa, na orodha kopi mbili. Kila kitu kilichotoka kilipigwa picha mlangoni na pande zote mbili zikatia tiki. Ndugu yake mnunuzi akasimama mbele ya ovaloki akasema hii haitoki. Mama hakubishana, akapiga magoti na spana yake akazifungua bolti zile nne moja moja, akaziweka kwenye mfuko wa buibui, kisha akamuita fundi aliyekuja naye akaziba matundu kwa simiti akalainisha na mwiko mpaka sakafu ikawa sawa. Kijana akaangalia sakafu, akamwambia nduguye, mwachie. Faili la vyeti lilipatikana juu ya kabati, mama alilikumbatia kabla hata ya kuangalia friji. Vyeti havina bei sokoni ila ukivipoteza utazunguka ofisi mpaka uchoke, kwa hivyo kwenye orodha yako viandike vya kwanza.

Ila marobota ya kitambaa hayakuwepo. Kuku pia hawakuwepo, mlinzi alisema walikufa, na manyoya yalikuwa bado yako nyuma ya jiko la nje. Kitambaa jirani alikiona kikipakiwa kwenye tuktuk siku tatu tu baada ya kufuli kuwekwa, kabla hata zile siku saba hazijaisha na barua yetu ikiwa tayari mikononi mwao, imesainiwa kupokelewa.

Kwa hivyo hapo tumeenda Korti ya Madai Madogo. Sheria yake ya 2016 inairuhusu kusikiliza madai ya kuharibiwa mali au kurudishiwa mali inayohamishika mradi yasizidi shilingi 1,000,000, kesi inatakiwa imalizike ndani ya siku 60, na mtu anaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili. Tumehakikisha dai halina neno hata moja kuhusu uhalali wa mnada wala umiliki wa ploti, kwa sababu ukichanganya ardhi humo unatolewa mlangoni. Ni kitambaa, kuku, na samaki walioozea kwenye friza ya dada pale stima ilipozimwa. Kwa madai ya namna hii mtu ana miaka mitatu, lakini mashahidi huhama na picha hupotea na simu, sisi hatukungoja.

Na kuna barua nyingine moja ambayo imeenda benki peke yake. Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ardhi kinapanga pesa za mnada ziende wapi, kodi na gharama za kuuza, deni la benki, na salio likibaki ni la mdaiwa ambaye nyumba yake imeuzwa. Tumeomba hesabu kamili: nyumba imeuzwa shilingi ngapi, dalali amekata ngapi, deni siku ya mnada lilikuwa ngapi. Hawajajibu bado, na mama ameniambia nisiache kuwapigia.